Rezo ikikatika: namna ya kutayarisha milango ya kompyuta ili ujumbe upite kwa radio

Wakaaji wa mashariki mwa Kongo wanajua siku ya kukosa rezo inavyokuwa. Simu inabaki mkononi bila kazi, mwenye kutuma feza kwa simu anafunga meza yake, na mtu aliye na mgonjwa mbali anabaki bila habari. Tarehe 31 desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima, na watu walingojea karibu wiki tatu mbele irudi. Siku zingine si amri ya serkali: ni radi imepiga mnara, ao mafuta ya jenereta yameisha kule kilimani.

Mbele ya simu za mkononi kulikuwa phonie. Hata leo iko parokia, zone za afya na viwanja vidogo vya ndege ambavyo vingali nayo: radio, batri, antena ya waya mrefu, na mtu anayejibu « bien reçu » kisha kila habari. Phonie ni mashine ya nguvu, lakini iko na uzaifu mmoja. Mtu akisoma kwa sauti orodha ya dawa makumi ine, mmoja anasema « makumi tano », mwenzake anasikia « mia tano ». Dawa zinafika zaidi, ao zinafika kidogo, na mgonjwa ndiye analipa kosa hilo.

Iko njia ya kuunganisha radio na kompyuta ili maandiko yapite bila kusomwa kwa sauti. Mafundi wanaiita radio ya paketi. Kompyuta inakata barua vipande vidogo, na kila kipande ni paketi moja. Kila paketi inabeba jina la mtumaji, jina la mpokeaji, na hesabu ya kuhakikisha kwamba hakuna herufi iliyoharibika njiani. Kompyuta ya ngambo ingine inafanya hesabu ileile. Ikiwa sawa, inajibu « nimepokea », sawasawa na « bien reçu » ya phonie. Ikiwa si sawa, inatupa paketi ile, na mtumaji akikosa jibu anairudilia.

Wengi wanaojaribu njia hii wanashindwa siku ya kwanza. Mara nyingi kosa haliko kwenye radio wala kwenye antena. Liko kwenye mlango, ni kusema fasi ambapo kompyuta inakabizi ujumbe kwa radio. Mlango ukiandikwa vibaya hata kwa neno moja, hakuna kitu kinachotoka.

Kazi hii ilianza wapi

Tarehe 31 mei 1978, maradioamateri wa mji wa Montréal, inchi ya Kanada, walipitisha paketi kwa mawimbi ya radio. Kisha wenzao wa Vancouver walitengeneza kisanduku kinachokaa katikati ya kompyuta na radio, ambacho mpaka leo kinaitwa TNC. Kundi lingine la Tucson, katika Marekani, likakieneza kwa bei ambayo watu wa kawaida waliweza kulipa. Mwaka 1984 walikubaliana juu ya kanuni moja ya namna paketi inavyoandikwa, nayo ni AX.25.

Mwaka 1987 wamarekani wawili, Mike Chepponis na Phil Karn, walitangaza lugha nyepesi ya kuzungumza kati ya kompyuta na TNC. Inaitwa KISS. Mbele ya hiyo, akili yote ilikuwa ndani ya kisanduku. Kwa KISS, kisanduku kinafanya kazi moja tu: kugeuza paketi kuwa sauti, na sauti kuwa paketi. Akili ingine yote iko ndani ya kompyuta. Ndiyo sababu leo mtu anayetaka kufanya kazi hii anapashwa kujua kutayarisha milango: kompyuta ndiyo imekuwa mkubwa wa kazi.

Mfumo wa Linux, ambao ni wa bure na unatembea hata kwenye kompyuta za zamani na kwenye zile ndogo za Raspberry Pi, uliingiziwa AX.25 ndani yake katika miaka ya 1990. Maelezo yanayofwata ni ya Linux.

Milango mitatu isiyofanana

Neno « mlango », ao « poti » kwa lugha ya mafundi, linasema vitu vitatu, na kuvichanganya ndiyo mwanzo wa matata.

Wa kwanza ni mlango wa waya. Ni tundu la USB ambapo TNC inaingia. Linux inaupa jina kama /dev/ttyUSB0.

Wa pili ni mlango wa radio. Hauonekani kwa macho. Ni mstari mmoja ndani ya faili, unaoambia kompyuta: radio hii inaitwa hivi, na sisi hewani tunaitwa hivi.

Wa tatu ni mlango wa rezo ya ndani, wenye namba kama 8000 ao 8001. Unatumika wakati programu mbili ndani ya kompyuta moja zinapashwa kuongea.

Mstari mmoja wenye sehemu sita

Mlango wa radio unaandikwa ndani ya faili inayoitwa /etc/ax25/axports. Mstari wenyewe unafanana hivi:

radio1  N0CALL-1  19200  255  2  VHF ya kilimani

Sehemu zake zinaachana kwa nafasi tupu, na kila moja iko na kazi yake.

« radio1 » ni jina la mlango. Fundi anachagua jina lolote fupi, lakini akishalichagua analitumia hilohilo katika kila amri. Akiandika radio1 kwenye faili, kisha Radio1 kwenye amri, kompyuta haitambui kwamba ni kitu kimoja.

« N0CALL-1 » ni indikatifu, ni kusema jina la kuitwa hewani. N0CALL si ya mtu: inawekwa katika mifano ili kila mtu aitoe na aandike yake. Kwa Kongo, indikatifu zinatoka kwenye fungu la 9Q mpaka 9T, ambalo inchi ilipewa na shirika la kimataifa la mawasiliano, UIT. Namba kisha kistari inaweza kuwa 0 mpaka 15. Inasaidia mtu mmoja kuwa na vituo vingi: -1 nyumbani, -2 kilimani. Ndani ya kompyuta moja, milango miwili isiwe na indikatifu na namba zilezile.

« 19200 » ni mwendo. Hapa wengi wanaanguka. Si mwendo wa hewani. Ni mwendo wa maneno ndani ya waya, kutoka kompyuta kwenda TNC. Hewani, paketi za kawaida za VHF zinaenda kwa biti 1200 kwa sekunde. Mtu akisikia 1200, anaandika 1200 kwenye faili. Kumbe TNC yake imetayarishwa kwa 19200 ao 9600, basi waya inabeba takataka tu. Namba inayofaa ni ile iliyoandikwa katika kitabu cha TNC, ao ile iliyowekwa ndani ya TNC yenyewe.

« 255 » ni urefu wa paketi, ni kusema herufi ngapi zinaingia ndani ya moja. Penye njia safi, ni sawa. Penye kelele nyingi, inafaa kushuka mpaka 128 ao 64. Paketi fupi ikiharibika, kinachorudiliwa ni kidogo.

« 2 » ni hesabu ya paketi zinazotumwa mbele ya kungojea jibu. Katika AX.25 ya kawaida inaweza kufika 7. Lakini penye milima na kelele, 1 ao 2 ndiyo inafaa.

Maneno ya mwisho ni ya binadamu tu. Kompyuta haiyajali, lakini fundi atakayekuja kisha mwaka mmoja atashukuru kuyakuta. Faili nzima isiachwe na mistari mitupu katikati, sababu programu zingine za zamani zinakwama hapo.

Kufungua mlango

Mstari peke yake haufungui kitu. Unapashwa kufungwa pamoja na waya. Amri ni hii:

sudo kissattach /dev/ttyUSB0 radio1

Ni kusema: kamata waya huu, uuweke kwenye mlango unaoitwa radio1. Ikipita vizuri, kompyuta inapata kitu kipya kinachoitwa ax0, na mtu anaweza kukiona akiandika « ip link ». Kama ax0 haipo, hakuna sababu ya kupanda kutazama antena. Kosa lingali chini, ndani ya kompyuta.

Matata mawili yanarudia sana hapa. La kwanza: waya ikitolewa na kurudishwa, ttyUSB0 inaweza kuwa ttyUSB1, na amri ya jana haifanye tena. Dawa yake ni kutumia jina refu linalopatikana ndani ya /dev/serial/by-id, ambalo halibadiliki. La pili: programu ingine imekwisha kushika waya uleule. Mlango wa waya unafaa kuwa na mwenyeji mmoja tu.

Kisha inakuja amri ya adabu za hewani:

sudo kissparms -p radio1 -t 300 -s 100 -r 63

Namba 300 ni milisekunde za kungojea kisha radio kuanza kutuma, mbele ya paketi kutoka. Radio inaomba wakati kidogo ili itoke katika kusikiliza na kuingia katika kutuma. Namba ikiwa ndogo sana, kichwa cha paketi kinakatwa, kama mtu wa phonie anayeanza kusema mbele ya kubonyeza vizuri. Katika kanuni ya KISS namba ya kuanzia ni 500. Ni vizuri kuanza juu na kushuka pole pole.

Namba 100 na 63 zinazuia vituo viwili kusema pamoja. Hewa ikiwa wazi, kituo hakirukii palepale. Kinapiga kama kura: kwa 63, kina bahati moja juu ya ine ya kusema sasa. Kikikosa, kinangojea milisekunde 100, kinapiga tena. Penye vituo viwili tu, faida haionekani sana. Penye kumi, bila adabu hii hakuna anayesikilizana.

Pasipo TNC

Kisanduku cha TNC ni garama, na hakipatikani kwa urahisi Bunia, Goma ao Uvira. Lakini kompyuta yenyewe inaweza kufanya kazi yake kwa kutumia kadi yake ya sauti. Programu inayojulikana zaidi ni Direwolf, nayo ni ya bure. Inageuza paketi kuwa sauti mbili, moja ya 1200 Hz na ingine ya 2200 Hz, na radio inazipeleka kama inavyopeleka sauti ya mtu. Kinachoombwa ni waya wa kuunganisha sauti ya kompyuta na radio, na njia ya kubonyeza radio ili itume.

Faili yake inaitwa direwolf.conf, na mistari ya maana ni hii:

ADEVICE plughw:1,0
CHANNEL 0
MYCALL N0CALL-1
MODEM 1200
PTT /dev/ttyUSB0 RTS
AGWPORT 8000
KISSPORT 8001

Wa kwanza unataja kadi ya sauti. Namba yake inaonekana kwa amri « arecord -l ». PTT ni kidole kinachobonyeza radio. Katika Direwolf, MODEM 1200 ndiyo mwendo wa hewani wa kweli, na hapo 1200 iko kwenye fasi yake.

Programu ikianzishwa kwa « direwolf -p », inatengeneza mlango wa waya wa bandia unaoitwa /tmp/kisstnc. Amri ya kufungua inakuwa:

sudo kissattach /tmp/kisstnc radio1

Milango 8000 na 8001 ni ya programu zingine, kama za barua ao za ramani, zinazotaka kutumia radio hiyohiyo. Lakini iko hatari ambayo wengi hawaioni. Mlango 8001 hauombi neno la siri. Kompyuta ikiwa kwenye wifi ya biro ao ya cyber, mtu mwingine wa wifi ileile anaweza kuingia na kutuma hewani kwa indikatifu ya mwenye radio. Kesho yake maneno hayo yanahesabiwa kuwa yake. Pasipo programu inayohitaji milango hiyo, ni vizuri kuandika 0 kwenye fasi ya 8000 na ya 8001, na itafungwa. Pakiwa na programu inayoihitaji, ukuta wa moto wa kompyuta uzuie watu wa inje.

Kusikiliza mbele ya kusema

Kituo kipya kinaanza kwa kusikiliza. Amri « sudo axlisten -a » inaonyesha kila paketi inayopita. Kisha kusikia, fundi anaweza kuita kituo cha rafiki yake, chenye indikatifu N0CALL-2 kwa mfano:

axcall radio1 N0CALL-2

Ikikataa, alama zinasaidia kujua fasi ya kosa:

– Radio haiwaki taa ya kutuma: kosa ni la kidole, ni kusema PTT, ao mlango haujafungwa kwa waya.

– Taa inawaka, mwenzake anasikia sauti ya « krrr », lakini hakuna maandiko: sauti ni ya nguvu sana na imeharibika, ao namba ya kungojea ni ndogo sana. Ni vizuri kushusha sauti kwanza.

– Mwenzake anasoma paketi zote, lakini jibu halifiki: kosa ni upande wa kusikia. Radio nyingi za mkononi zinalala kidogo ili kuchunga batri, na zinapoteza mwanzo wa paketi. Hiyo inapashwa kuzimwa, na squelch ibaki wazi.

– Karibu inafanya vizuri, kila kituo kinasikia kile cha kilimani, lakini pamoja zinagongana: vituo vya chini havisikilizane. Milima ya Masisi ao ya Minembwe haipitishi VHF. Dawa ni kutuma kidogo kidogo na kuacha kituo cha juu kipitishe.

Ni kiasi gani kinapita

Biti 1200 kwa sekunde ni herufi 150 kwa sekunde, tena pasipo kelele wala kungojea. Barua ya herufi 4000 inaomba karibu nusu dakika. Orodha ya dawa ao habari za njia iliyokatika zinapita bila shida. Picha ya megabaiti moja ingeomba karibu saa mbili. Kwa hiyo radio ya paketi haibadili WhatsApp. Ni ya maandiko mafupi yanayopashwa kufika bila kosa.

Kartasi, siri na usalama

Radioamateri ni kazi ya mtu mwenye ruhusa. Kwa Kongo, mambo ya mawimbi yanasimamiwa na ARPTC. Mafungu ya amateri ni ya kujifunza na kujaribu, si ya biashara wala ya kazi ya kila siku ya shirika. Zone ya afya ao shirika linalotaka kupitisha ripoti kila asubui linaomba mawimbi yake lenyewe. Ufundi wa milango unabaki uleule. Katika msiba mkubwa mambo ni mengine: kanuni za UIT zinasukuma inchi ziruhusu maradioamateri kujitayarisha kusaidia.

Tena, kanuni hizo zinakataza radioamateri wa inchi mbalimbali kuandikiana kwa maneno yaliyofichwa. Kila mwenye radio na kompyuta anaweza kusoma yote, pamoja na jina la mtumaji. Ndiyo sababu jina la mgonjwa, fasi feza zinapopita, ao njia watu wanayokimbilia visiwekwe humo. « Tunaomba seramu 50 » inatosha. Hakuna haja ya kusema ni za nani.

Penye vita, antena juu ya nyumba inaleta maulizo. Mtu asiye na kartasi anaweza kuchukuliwa kama mpelelezi. Ruhusa ikae karibu na radio, na wakubwa wa mtaa wajulishwe mbele, si kisha.

Wenye kuzoea kazi hii wako na desturi moja isiyo na garama. Ule mstari mmoja wa axports wanauandika kwenye kartasi, pamoja na jina la waya, mwendo wa TNC na namba za kissparms, na kuibandika kwenye kisanduku cha radio. Kisha mara moja kwa mwezi, rezo ikiwa ingali inatembea, wanafungua mlango na kuita mwenzao. Mwenzao akijibu, wanajua kwamba siku simu zitakaponyamaza, ile 50 itafika ikiwa 50.